Binti amemaliza kidato cha nne, simu haitoki mkononi

Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati kuna miezi saba hivi ambayo binti wa miaka 17 hana kengele ya asubuhi, hana prepo, na kazi yake kubwa ni kuosha vyombo. Aliyekuwa bweni ameishi miaka 4 simu ikiwa marufuku. Sasa amepewa moja kama zawadi ya kumaliza shule, na anaingia Instagram na TikTok kwa pupa ya mtu aliyefunga kutwa. Ndipo nyumbani huanza maneno: mtoto amebadilika, ana kiburi, hasalimii wageni.

Kiburi huenda kipo. Lakini sonona, yaani ugonjwa wa akili uitwao depression, kwa binti wa umri huu mara nyingi haionekani kama huzuni. Inaonekana kama hasira za karibu, kichwa kinachouma kila siku, tumbo lisilopona kwa dawa, kulala hadi saa sita mchana, au kuacha kusuka nywele yeye aliyekuwa hawezi kukaa na nywele zimefumuka.

Je, mtandao ndio unaoleta hayo? Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa tahadhari kwamba vijana wanaokaa mitandaoni zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya dalili za sonona na wasiwasi. Wataalamu bado wanabishana kipi kinatangulia, kwa sababu binti mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Kwa mzazi ubishi huo hauna haja sana: mambo hayo mawili hulishana, na la simu ndilo unaloweza kulishika leo.

Anza na usiku. Vifurushi vya usiku ni vya bei nafuu, kwa hiyo binti asiye na hela husubiri saa sita ndipo aanze. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, naye anapata 4, tena anaamshwa afagie uwanja. Baada ya wiki mbili za namna hiyo, hata mtu mzima angelia bila sababu. Mnunulie kifurushi cha mchana, kiwe kidogo lakini cha uhakika. Simu zote za nyumba zilale sebuleni kuanzia saa nne usiku, na ya baba ikiwemo. Ya baba ikibaki chumbani, mpango unakufa wiki hiyo hiyo. Atasema simu ndiyo inayomwamsha. Nunua saa ya mezani yenye kengele.

Kumnyang'anya simu ghafla ni kosa tunaloliona mara nyingi. Marafiki zake wa bweni wametawanyika Mbeya, Tanga na Mwanza, na wamebaki naye kwenye kundi la WhatsApp tu. Ukikata hapo umemwongezea upweke. Tena atapata simu nyingine, na anayempa binti simu ya siri mara nyingi ni mwanamume mwenye lake.

Kinachofuata ni anachotazama. Programu hizi hazijui anachokipenda, zinahesabu anapokawia. Akikawia kwenye video ya kupunguza tumbo, kesho zinakuja tano, na akikawia kwenye video za watu wanaojichukia, ndizo zitakazomfuata. Huko London binti wa miaka 14, Molly Russell, alifariki kwa kujidhuru mwaka 2017 baada ya kutazama mengi ya namna hiyo. Mwaka 2022 afisa aliyechunguza kifo chake alitamka kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia. Nyaraka za ndani za Facebook, kampuni yenye Instagram, zilizovuja 2021 nazo zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana walisema, wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram inawazidishia. Kwetu ongeza filta zinazong'arisha ngozi, na wauza mkorogo wanaojibu maoni chini ya picha hizo hizo. Ukikuta kopo lisilo na lebo chumbani kwake, lichukulie kuwa sehemu ya tatizo hili.

Kaeni pamoja, simu ikiwa mkononi mwake, si mwako. Kwanza tazameni mwaka wa kuzaliwa aliojisajilia. Wengi walidanganya, na akaunti ya "mtu mzima" haipati kinga za vijana: TikTok huwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, na Instagram hufanya akaunti zao kuwa za faragha. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya maudhui mwanzishe upya mapendekezo; programu zote mbili zina nafasi hiyo. Siku zinazofuata abonyeze "sipendezwi" kwa kila video ya mwili na kila ya kujidhuru, bila kuitazama hadi mwisho. Aache kufuata kurasa zinazomwacha anajichukia, azichague mwenyewe. Jihadhari na mwanya mmoja: kikomo ulichowekea programu hakizuii kufungua mtandao huo huo kupitia kivinjari.

Januari ongeza macho. Siku ya matokeo, status zote ni "Division One" na keki, na aliyepata zero anazitazama moja moja kitandani. Siku hiyo asikae peke yake.

Dalili zikidumu wiki 2, karibu kila siku, usingoje Julai. Maombi yaendelee, na hospitali mwende. Hospitali ya wilaya itampima au kumpa rufaa. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Ushauri nasaha peke yake huwasaidia wengi, si kila mmoja anaandikiwa vidonge.

Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Sumu ya panya, dawa ya kunyunyizia mahindi na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, Tanzania na Kenya pia.

Mkienda kliniki, beba karatasi yenye siku 14: alilala saa ngapi, alikula nini, alilia lini, simu ilitumika saa ngapi. Mhudumu atauliza kuhusu wiki mbili hizo hizo. Kisha toka nje kidogo, umwache binti azungumze na daktari bila wewe.