Barua kwa mwanangu, uliyeuliza kama ilikuwa makosa kucheka (Aprili 2023)

Mwanangu, asalaam aleikum. Ujumbe wako wa Jumatatu usiku nliuona, sikujibu kwa sababu maneno yalikuwa mengi na kidole changu kwenye hii simu unakijua, babako ananicheka ati naandika kama navuta tasbihi, moja moja. Leo nimekaa barazani na chai yangu, ntakwambia yote. Usisome ukiwa kwenye matatu, ngoja ufike nyumbani.

Uliniuliza hivi: "Mama, Jumamosi tulicheka mpaka tukatoka machozi na huku simu yangu yaniletea habari za wale watu wa msitu wa Shakahola, si ni kukosa utu huko? Nyinyi zamani mlikuwa mwafanyaje?"

Haya. Kwanza tukumbuke tulicheka nini, maana wewe umeandika kama tulikuwa twacheka maiti. Tulimcheka mjomba wako juu ya ngamia pale ufuoni Pirates, Bamburi, na lile tumbo lake la biriani ya Idd, ngamia kakataa kupiga magoti, mwenye ngamia amsihi, avuta kamba, apiga mluzi wapi, na mjomba huko juu aita "leteni ngazi jamani!" na mkewe akamwambia kaa huko huko mpaka Idd kubwa. Nani asingecheka? Mimi mbavu zaniuma mpaka leo.

Lakini nliona uso wako ulivyobadilika ulipotazama simu. Na nlisikia alivyokuuliza yule mdogo aliyekuwa amekulalia begani asoma picha za watu: "Kwani wao hawakuwa na futari?" Sikusema kitu siku ile. Mtoto ametoka kufunga mwezi wake wa kwanza, kila magharibi tende na uji na kaimati, yeye ajua kufunga kuna saa yake ya kula, sasa utamwambia nini kuhusu watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe, na watoto wao pia, ati ndio wakutane na Yesu. Ijumaa ndio wameanza kufukua makaburi kule msituni Shakahola, upande wa Malindi, na kufika Jumatatu maiti washafika 73. Na Malindi si mbali mwanangu, barabara ni hiyo hiyo iliyopita hapo Bamburi tulipokuwa.

Sasa zamani. Mwaka 1994 nlikuwa na miaka 19, twakaa Likoni, Mombasa, na binamu yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa aolewa. Alhamisi usiku tumempaka hina, tumelala alfajiri. Nikaha Ijumaa baada ya isha, kupamba Jumamosi. Ijumaa hiyo ndio tarehe 29 Aprili. Asubuhi feri ya Mtongwe ikapinduka, imejaa watu waendao kazini mjini, haijafika mbali na ukingo, yaani watu wa nchi kavu wawaona wenzao. Walikufa watu 272. Ukisema nambari hivi ni rahisi, lakini Mtongwe na Likoni si pakubwa, hakukuwa na mtaa ambao hakuna mtu aliyetafutwa. Simu za mkononi hakuna, watu ni miguu tu, kutoka ukingoni hadi mochari, kutoka mochari hadi nyumbani kuangalia pengine amerudi. Jioni redio zimefunguliwa kila dirisha kusikiliza majina.

Kwetu hakufa mtu wa damu. Hilo nikwambie wazi, manake swali lako ni la mtu ambaye msiba haukuingia mlango wake, na sisi tulikuwa vivyo hivyo. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwetu alikufa baba, na nyuma ya kisima akafa kijana aliyekuwa fundi cherehani, ndiye aliyetushonea madera ya harusi, langu lilikuwa bado halijatiwa vifungo.

Wazee wakakaa. Wengine wanasema harusi ivunjwe, wengine wanasema nikaha haingojeshwi. Mwisho nikaha ikasomwa msikitini kimya kimya, watu wachache, ngoma hakuna, kupamba hakuna. Na ule mchele na mbuzi walionunuliwa nyanyako akasema vipikwe vyote, tena usiku ule ule, vipelekwe nyumba za msiba.

Basi tuko uani usiku twamenya vitunguu saumu, wasichana kama saba hivi, hakuna anayesema, wasikia visu tu. Mbuzi mmoja alikuwa bado kafungwa kwenye mpapai akingoja zamu yake, akakata kamba. Hatukumwona. Akaingia chumbani, yale maua ya bi harusi, asumini na mrehani na vilua, vikuba vimefungwa vizuri vimewekwa kwenye sinia chini ya khanga mbichi, akala vyote. Akatoka mlangoni na uzi wa kikuba umening'inia mdomoni, anukia kuliko bi harusi mwenyewe. Mwanangu tulicheka. Tulicheka kile kicheko cha kuzuia na khanga mdomoni kikawa chatoka puani, na bi harusi ndiye wa kwanza, yeye ambaye amekosa harusi yake. Nyanyako akatoka. Tukajua leo ni fimbo za mgongoni. Akauliza kuna nini, hakuna anayeweza kujibu, akamtazama mbuzi, akautazama ule uzi, akashika kizingiti cha mlango akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho akasema haya, nyanyueni hilo sufuria, wenzenu hawajala tangu asubuhi.

Tukaenda. Bi harusi na hina yake mkononi bado mbichi rangi, apakulia waliofiwa. Yule mjane alimshika ule mkono akaugeuza akautazama, akalia, tukalia naye, tukakaa kwenye jamvi mpaka usiku mkubwa. Na hakuna aliyeuliza kama tulicheka kabla ya kuja.

Ndio jibu langu mama, lakini najua wewe utasema ni tofauti, na kweli ni tofauti. Nimelifikiria hili siku tatu. Msiba wetu ulikuwa na nyumba. Una jamvi, unaenda, unavua viatu, unakaa, unapakua, unaosha masufuria, unarudi umechoka unalala. Huu wenu wa simu hauna jamvi. Wakujia kitandani saa kumi na moja asubuhi hata mswaki hujapiga, wakufuata kazini, wakufuata kwenye foleni ya chakula, na hakuna pa kwenda kukaa wala sufuria la kubeba. Utalia na nani? Wabaki na huzuni mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu na mwenyewe haonekani. Hata 2019 lile gari lilipoteleza kwenye feri ya Likoni na mama na mwanawe ndani, video ile nliletewa mara sita, watu wanne tofauti, na kila mmoja ameweka alama ya kulia, na ilichukua karibu wiki mbili wao kutolewa majini na sikujua niende kwa nani. Nliishia kuwa siwezi kupanda feri bila kusoma dua kwa sauti, wajua mwenyewe uonavyo haya.

Kwa hiyo sikulaumu kusoma. Hizo picha tu usizisambaze. Wale ni watoto wa watu.

Lakini kuna kitu ulikitaja juu juu kwenye ujumbe wako ukapita, mimi nimekaa nacho. Ulisema kuna mwenzio wa kazini, yule dada wa meza ya karibu na mlango, kwao ni Kilifi, na Jumatatu hakula chakula cha mchana na watu, alitoka nje na simu. Umemuuliza? Manake nimesikia kwenye redio Msalaba Mwekundu wamefungua meza pale hospitali ya Malindi, watu wanaandikisha jamaa zao waliopotea. Pengine hajui. Pengine ajua na aogopa kupiga. Pengine ni mambo ya mchumba wake tu, basi utakuwa umekula naye chakula, hujapoteza kitu. Usimwendee na maswali, nenda na kitu cha kula.

Nimempa yule kijana wa basi la usiku kopo lako, lile la bluu, asubuhi ulichukue ofisini kwao. Juu ni kachiri na mabuyu, chini nimeweka mahamri thelathini, yako ni kumi na tano. Na mjomba wako asema ile video ya ngamia uifute, nami namwambia umeshaifuta.

Kopo nataka lirudi.

Mamako