Medali ya Washington: anza na herufi, bikari litafuata

Msomaji ametuma picha ya medali ya George Washington akiuliza maana ya bikari na skwea (kipimo cha pembe mraba cha fundi) zilizo upande wa nyuma. Ameanzia mwisho. Alama hizo zinaonyesha tu kwamba medali inamhusisha na Frimasoni, chama cha udugu chenye ishara na madaraja yake. Habari yenyewe imo kwenye herufi za ukingoni, ambazo wengi huzidhani mapambo.

Chukua medali yenye mwaka 1797. Nyuma imeandikwa AMOR, HONOR ET JUSTITIA, Kilatini cha upendo, heshima na haki, kisha G.W.G.G.M. Herufi tatu za mwisho ni cheo cha mkuu wa loji zote, yaani matawi ya Frimasoni, za Marekani. Washington hakuwahi kukishika! Loji Kuu ya Pennsylvania ilimpendekeza mwaka 1780, mpango ukafa. Alichokuwa nacho ni hiki: aliingia kwenye loji ya Fredericksburg tarehe 4 Novemba 1752, akafika daraja la tatu tarehe 4 Agosti 1753, na mwaka 1788 akatajwa kiongozi wa Loji namba 22 ya Alexandria. Kwa hiyo medali inaweza kumpa mtu cheo ambacho historia haikumpa.

Sasa bikari. Tazama ncha zake: zote mbili zikiwa chini ya skwea ni daraja la kwanza, moja ikiwa juu ni la pili, zote juu ni la tatu. Ukikuta mwaka 5797 usishtuke: Frimasoni huongeza 4000 kwenye mwaka wa kawaida, basi toa 4000 upate 1797.

Medali za kumwombolezea Washington, kazi ya mchongaji Mmarekani Jacob Perkins, ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Nyingine zina chombo cha majivu, nyingine fuvu na mifupa. Fuvu peke yake si ushahidi wa Frimasoni. Makaburi mengi ya karne za 17 na 18 ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, yanalo. Wala F. 11 1732 iliyo kwenye medali hizo si kosa la mchongaji: ni siku aliyozaliwa Washington, tarehe 11 Februari kwa kalenda ya zamani, yaani 22 kwa hii yetu.

Shika medali ukingoni, mulika kutoka ubavuni, tumia lenzi ya mara 10. Vitundu vidogo na herufi zenye kingo butu ni dalili ya nakala ya kumimina, yaani ya metali iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu. Mstari wa kiungo ukingoni ni dalili ya nakala ya umeme, yaani ya nusu mbili zilizotengenezwa kwa kugandisha metali kwa umeme kisha zikaunganishwa. Na msiisugue, jamani. Mistari myembamba ya alama ndiyo hufutika kwanza.