Pointi Nne na Raundi ya Tatu: Nilivyopata Nafasi ya Kusoma Hisabati Iringa

Kijana mmoja wa Makambako ameniandikia wiki hii. Kamaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kaomba vyuo raundi ya kwanza ya udahili, kimya; raundi ya pili, kila akaunti anayofungua inamwambia hajachaguliwa kwa sababu ya ushindani. Anachotaka ni hisabati tu. Baba yake kamwambia aache kupoteza hela ya bando, arudi shamba wakapande viazi, mwakani Mungu akipenda atajaribu tena. Mwisho wa ujumbe kaandika, "Dada, raundi ya tatu si wanachukua waliobaki tu? Naona hata aibu."

Mdogo wangu, hapo kwenye aibu ndipo uliponigusa. Nilikujibu kwa kifupi, sasa nakujibu kwa kirefu, maana najua hauko peke yako, na mimi mwenyewe niliingia chuo kwa huo mlango unaouonea aibu.

Matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa hivi: Hisabati C, Fizikia E, Kemia E. Three ya 13. Kwa watu wa nyumbani Uyole, Mbeya, nilikokuwa nakaa kwa baba mdogo, Three ni Three, hakuna aliyeuliza zaidi. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, kwa hiyo ukiwa na namba kubwa umeumia. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapindua: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo kubwa ndiyo nzuri. Sharti la chini la kuingia digrii kwa sisi wa kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4. Chukua C yangu ya Hisabati, 3, jumlisha E moja, 1. Nne kamili. Sikuwa na hata nusu ya ziada, lakini nilikuwa ndani. Nimekutana na watoto wengi wanaodhani wamefeli kwa sababu wanasoma ile 13, hawajui kwamba mlangoni chuoni inasomwa hesabu nyingine kabisa. Kaa chini na kalamu upige hesabu yako kabla hujalia.

Baba mdogo alikuwa na mpango wake. Alitaka nisome uhasibu kwenye chuo kimoja cha binafsi ambako alikuwa na mtu wake. Siku moja tunakula makande, akaniuliza mbele ya wageni, "Hisabati utakula? Umeshaona tangazo la kazi wanatafuta mtu wa hisabati?" Wageni wakacheka. Mke wake akacheka zaidi. Sijasahau, na sitajifanya nimesahau. Hela ya ada, akasema, ipo kwa ajili ya uhasibu. Nikitaka hizo ndoto zangu nitajua mwenyewe.

Raundi ya kwanza nikaomba kozi za hisabati na takwimu kwenye vyuo vikubwa vya Dar es Salaam na Dodoma. Sikupata. Kaka zangu wa zamani waliomba kupitia mfumo mmoja wa TCU, ule ulioanza 2010, unajaza mara moja basi. Tangu 2017 unaomba chuo kwa chuo, na kila chuo na ada yake ya maombi. Kwa mtoto ambaye hela ya daladala ya kwenda Mwanjelwa anaomba, hiyo si habari ndogo. Raundi ya pili nikapunguza, nikaomba tena, nikakosa tena.

Huo mwezi wa kusubiri siusimulii. Nilikuwa nauza duka la baba mdogo, basi.

Raundi ya tatu ilipotangazwa nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza watu, nasoma karatasi tu. Nisikilize vizuri, maana ushauri wangu wote uko hapa: soma Mwongozo wa Udahili wa TCU. Unatoka kila mwaka, uko bure kwenye tovuti yao. Kila programu imeandikwa chuo kinachoitoa, sifa zinazotakiwa na idadi ya nafasi. Halafu raundi ya tatu ikifunguliwa, nenda tovuti ya kila chuo uone programu ambazo bado zina nafasi. Usisome vichwa vya programu tu. Nenda kwenye safu ya sifa, soma mpaka nukta ya mwisho.

Hizo nafasi zinatoka wapi? Si makombo, mdogo wangu. Mtu mwenye One kali anaomba vyuo vitatu, anachaguliwa vyote vitatu, lakini anaruhusiwa kuthibitisha kimoja. Viti viwili vinabaki wazi siku anapothibitisha. Zidisha kwa nchi nzima. Tena hisabati ina ukuta wake: inataka prinsipo ya Hisabati ya juu, na hiyo wanayo waliosoma michepuo yenye Hisabati, kama PCM, PGM na EGM. Wale wa michepuo ya Biolojia, PCB na CBG, wamesoma BAM, hisabati ya msingi ya ziada, na BAM haiwapi prinsipo hata wakiifaulu vipi. Kwa hiyo kundi zima linalojaa kwenye foleni za afya na kilimo hulikuti kwenye foleni yako. Kati ya hao wachache waliobaki, wengi wanakimbilia uhandisi na kompyuta. Anayeipenda hisabati yenyewe anakuta njia pana kuliko alivyodhani. Mimi nilikuta Iringa.

Chuo chenyewe ni Mkwawa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Programu ni Shahada ya Sayansi na Elimu, masomo ya kufundishia Hisabati na Fizikia. Najua wako watakaosema hiyo si digrii ya hisabati, ni ualimu. Waliniambia hata mimi. Sikubishana nao, nilikwenda darasani. Ukishakaa mbele ya mhadhiri anayeandika epsiloni na delta ubaoni, anakudai uthibitishe kwamba fomula uliyoitumia miaka yote ya kidato cha tano na sita ni kweli, hutauliza tena kama hii ni hisabati au siyo. Kalkulasi ni ileile, aljebra ya mstari ni ileile. Kinachoongezeka ni somo la namna ya kufundisha, na kwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa mwenye pointi zetu, programu za ualimu wa sayansi zisikupite machoni eti kwa sababu mjomba fulani anadharau walimu.

Sasa kilichonikuta, na ndicho kinachowakuta wengi. Nilipochaguliwa Iringa, kumbe baba mdogo naye alikuwa ameniombea uhasibu kimyakimya. Alikuwa na namba zangu za mitihani, kidato cha nne na cha sita, akazipeleka kwenye duka moja la steshenari, kijana wa pale akajaza kila kitu. Namba ya simu akaweka ya baba mdogo. Baruapepe akaweka yake mwenyewe, huyo kijana! Majina yalipotoka nikaonekana nimechaguliwa vyuo viwili, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Jioni baba mdogo akaja na simu mkononi, anatabasamu. "Namba yako hii hapa. Kesho asubuhi tunakwenda kuthibitisha."

Sikujibu kitu. Nikaosha vyombo, nikaenda chumbani, nikawasha kisimu changu ambacho kioo kilikuwa kimepasuka kona ya kulia, herufi za upande ule huzioni mpaka usogeze ukurasa. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya Iringa, niliyoifungua mwenyewe kwa namba yangu na neno la siri langu. TCU walikuwa wameshaeleza kwenye taarifa yao: ambaye hajapata ujumbe aingie kwenye mfumo wa chuo husika aombe atumiwe namba ya siri. Nikabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukakata, ukarudi. Ujumbe ukaingia. Nikaandika ile namba, tarakimu moja moja, nikathibitisha Iringa. Kisha nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu matokeo yatoke.

Asubuhi kulikuwa na maneno. Sitayaandika, mama yangu anasoma humu.

Kwa hiyo, nyie mnaokwenda steshenari, na najua mnakwenda kwa sababu si kila nyumba ina kompyuta: mwache kijana akuchapie, lakini namba ya simu iwe yako, baruapepe yako, neno la siri ulijue wewe na uliandike kwenye daftari. Laini isiwe ya kuazima. Mtu akikushikia namba, kakushikia maisha. Wazazi nanyi, msiwaombee watoto kozi gizani. Mtoto wa miaka kumi na tisa ameshajua anachokipenda, na miaka mitatu ya kusoma kitu usichokipenda ni mirefu mno.

Hela je? Hilo ndilo kila mtu ananiuliza. Baba mdogo alitimiza alichosema, hakutoa senti. Lakini dirisha la Bodi ya Mikopo lilipofunguliwa nilikuwa nimeomba, wakati huo sina chuo wala dalili ya chuo. Usisubiri kuchaguliwa ndipo uombe mkopo, dirisha linaweza kufungwa wewe bado unasikilizia raundi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, fomu ipate sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa, mdhamini awe tayari. Mwenyekiti wa mtaa wetu nilimsubiri kwenye benchi kutwa nzima, alikuwa msibani. Majina ya mikopo yanatoka kwa mafungu, na sisi wa raundi ya tatu huwa tunachelewa kuyaona. Langu lilitoka nikiwa nimeshafika chuoni, naishi kwa mchele wa Kyela na maharage aliyonifungia mama kwenye kiroba. Ualimu wa sayansi na hisabati ni miongoni mwa maeneo ambayo Bodi imekuwa ikiyatazama kwanza. Hiyo nayo ni sababu ya kutoidharau.

Siku ya kwenda nilipanda basi Nane Nane alfajiri. Igawa, Makambako kwenu huko na baridi yake, Mafinga na mbao zake kando ya barabara, Ifunda, halafu Ipogolo chini na mji uko juu ya mlima unakutazama. Aliyenipokea alikuwa dada wa mwaka wa pili, akaniuliza nimekuja kusoma nini. Nikamwambia, hisabati. Hakucheka.

Leo nafundisha Hisabati kidato cha tano na sita. Sitasema shule gani. Nitasema tu kwamba mwaka jana baba mdogo alinipigia, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia Uyole, akauliza kama likizo naweza kumsaidia binti yake wa kidato cha tatu, hesabu zinamsumbua. Nilimsaidia. Mtoto hana kosa. Lakini nilimwambia aje yeye mwenyewe amlete, na akaja, akakaa sebuleni kwangu akasubiri mpaka tumemaliza kipindi.

Nisije nikaonekana najisifu. Ninachotaka vijana mwelewe ni kwamba raundi haziandikwi kwenye cheti. Tulipokuwa darasani hakuna mhadhiri aliyejua nani kaingia raundi ya kwanza na nani ya tatu. Matokeo ya mtihani wa muhula wa kwanza yalipotoka ndipo tulipojuana. Acheni kuona aibu kwa mambo ambayo hayana mwenyewe. Someni mwongozo. Someni sifa za programu. Narudia kwa sababu najua nusu yenu mmesoma hapa mpaka mwisho na mwongozo hamjaufungua.

Tukirudi kwako wa Makambako. Swali lako la pili lilikuwa kama usubiri mwakani urudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama prinsipo zako mbili zinafika pointi 4 na Hisabati ni mojawapo, mimi nisingesubiri. Omba raundi hii kwanza. Ukikosa, kurudia mtihani kutakukuta palepale. Kama Hisabati umepata S, alama iliyo chini ya E, hapo ni hadithi nyingine, S si prinsipo, na kurudia ndiyo njia. Mwambie baba kwa adabu kwamba mvua ya viazi ni Novemba, na raundi inafungwa kabla ya hapo, kwa hiyo jembe halijakosa mtu.

Ila alama zako za kidato cha nne hukuniandikia. Zipo programu zinazoziangalia nazo. Nitumie leo jioni, pamoja na majina ya vyuo ulivyoviona bado vina nafasi, tuvipitie safu kwa safu.