Bidhaa Inayouza Ina Wakili, Bidhaa Mpya Haina

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba kampuni iliyokwisha kufanikiwa ifanye nini ili isibweteke na iendelee kubuni, bila shaka litawaletea majibu mengi yenye ile methali ya mgema akisifiwa. Mimi naona haiingii hapa vizuri. Mgema huharibu tembo lake kwa kujisahau, ilhali kampuni nyingi zilizoanguka zilianguka watu wake wakichapa kazi, wakiitunza kwa bidii bidhaa ambayo wakati wake ulikuwa unapita.

Mhandisi wa Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa filamu za kamera, Steve Sasson, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, akiwa ndani ya kampuni hiyo hiyo. Mwaka 2012 Kodak ilikimbilia mahakama ya Marekani kujikinga na wadai. Wabunifu ilikuwa nao, na fedha haikuikosa. Nionavyo, filamu ilikuwa na wakurugenzi, bajeti na faida ya kuitetea katika kila kikao, na kamera ile mpya haikuwa na wa kuisemea. Fujifilm ya Japani ilikabiliwa na soko lile lile lililokuwa likinyauka, lakini ikauchukua ujuzi wake wa kemia na kolajeni (protini iliyomo pia ngozini) ikaupeleka kwenye vipodozi na bidhaa za tiba.

Hapa kwetu mfano mzuri zaidi ni M-Pesa, ingawa husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa ikiwa kamili. Majaribio ya mwaka 2005 yalikusudia jambo dogo: wateja wa taasisi ya mikopo midogo wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wakaitumia watakavyo, wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao. Meneja mwingine angewaandikia onyo kwamba wanakiuka masharti. Waliohusika waliyaangalia hayo matumizi yasiyotarajiwa, wakauweka mkopo kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Mikopo ilirudi baadaye, mwaka 2012, kupitia M-Shwari. (Na tusidhani kupanuka ndiko kubuni: kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilifungua matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuifilisi.)

Mimi nasimamia mauzo katika kiwanda kimoja cha mikate hapa Eneo la Viwanda, na habari mbaya nazijua njia zake. Mwenye duka wa Kayole akiuondoa mkate wetu kwenye rafu ya mbele, ambapo mteja huuonyesha kwa kidole kupitia waya wa dirisha, akauweka nyuma ya pakiti za unga, dereva wetu huliona jambo hilo alfajiri anaposhusha kreti. Fomu anayojaza ina safu ya mikate iliyopokelewa, ya iliyorudishwa na ya pesa. Ya rafu haimo. Kwa kuwa mwenye duka huendelea kuchukua kreti zile zile kwa muda, takwimu za ofisini hupendeza, hadi mikate inayorudi inapoongezeka na kikao kuitishwa kujadili bei. Nilipoanza kuwauliza madereva kwa mdomo, kabla hawajakabidhi pesa kwa keshia, nikaambiwa kwamba watu wanaulizia mkate mdogo unaotosha chai ya asubuhi moja, na kwamba kiwanda kingine kimeshauleta.

Wazo hilo lilipofika mezani, swali la kwanza lilikuwa kama mkate mdogo hautapunguza mauzo ya ule mkubwa. Utapunguza, ndiyo. Lakini mdogo wa mwenzetu unayapunguza vile vile, na pesa zake haziji kwetu.

Ndiyo maana napenda swali ambalo Andy Grove wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, alimuuliza mwenzake Gordon Moore mwaka 1985, biashara yao ya chipu za kumbukumbu ilipokuwa ikizidiwa na Wajapani: tukifukuzwa leo, bosi mpya atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na chipu hizo. Wakaamua kufanya hivyo wao wenyewe. Kila kampuni yenye bidhaa inayotamba ingepaswa kulijibu swali hilo kabla bajeti ya mwaka haijapitishwa, na majibu yasitolewe na mkuu wa bidhaa hiyo peke yake. Anayeshughulikia jambo jipya naye aripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi mkuu, asipimwe kwa mauzo ya mwaka wa kwanza, na bonasi ya mkuu wa bidhaa ya zamani itokane kwa sehemu na hiyo mpya, la sivyo ataizima bila hata kuwa na nia mbaya. Bonasi yangu mwenyewe bado inahesabiwa kwa kreti za mkate mkubwa tu, na nimeomba kwa maandishi ibadilishwe.

Msimamizi wa mauzo, Nairobi