Mwanangu, "amehukumiwa" si sawa na "ameshikwa"

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imetufika, na mama yako anakusalimu sana. Unauliza kama ulikosea kusoma redioni huko Likasi kwamba "mahakama imemhukumu mwizi wa nyaya", wakati kijana mwenyewe alikuwa ameshikwa jana yake tu. Ndiyo, ulikosea. Nimefurahi kwamba jambo hili limekunyima raha mpaka ukaniandikia.

Polisi humshika mtu, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, humshtaki, lakini anayehukumu ni jaji peke yake, tena baada ya kusikiliza pande zote mbili. Kabla ya hapo sema "anatuhumiwa". Akifikishwa mahakamani, "ameshtakiwa". Hata neno "mwizi" liondoe. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 17, inataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Mama wa yule kijana anaisikiliza redio yako, na majirani zake pia.

Kuna jingine hukuliuliza, nalo huwapotosha wengi. Kwa Kifaransa umezoea juger (kuamua kesi) na condamner (kumtia mtu hatiani na kumpa adhabu), vitenzi viwili. Sisi "kuhukumu" kinabeba vyote, maana yake inategemea kinachohukumiwa. Kesi ikihukumiwa, imekwisha kuamuliwa, basi. Mtu akihukumiwa, msikilizaji anangoja adhabu: miaka 5 jela, au faini, au kifo. Ndiyo maana aliyeonekana hana kosa hatusemi amehukumiwa, ingawa jaji ameikata kesi yake. Tunasema mahakama imemwachia huru. Na kesi za viwanja, ambazo hapa kwetu haziishi, mimi nazipendelea "imeamua": mahakama imeamua kiwanja ni cha fulani. Hapo hakuna aliyefungwa. Wazee wakikaa kupatanisha ndugu juu ya mirathi, hao wanakata maneno, usiwaite mahakama.

Kifungu cha 21 cha Katiba hiyo kinasema kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe hadharani. Kwa hiyo usiokote habari mlangoni kwa mawakili. Mwendee grefye, yaani karani wa mahakama, umwombe akuonyeshe sehemu ya mwisho ya hukumu, ile inayotaja jaji ameamua nini hasa, uinakili neno kwa neno kabla ya kuitafsiri.

Habari ya yule kijana irekebishe kesho, saa ile ile uliyoisoma, na jina lake ulitaje tena kama ulivyolitaja mara ya kwanza.

Baba yako