Mkono wa mwalimu uondoke lini?

Juma lililopita mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nadharia za ujifunzaji tulizosoma chuoni nitazitumiaje kwa darasa la watoto tisini?" Swali hilo limenirudishia aibu ambayo haijanitoka hadi leo.

Nilipoanza kufundisha hisabati hapa Bagamoyo, majina ya Piaget, Skinner na Vygotsky, wanasaikolojia wa nadharia hizo, yalikuwa ulimini mwangu. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Nikaeleza Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote, nikafanya mifano mitatu ubaoni, nikatoa zoezi. Wengi waliandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni 2/5, yaani walijumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Mkuu wangu wa wakati huo aliyasoma madaftari yale kwa sauti mbele ya walimu wenzangu, akauliza kama chuoni nilifundishwa kufundisha au kukariri. Kauli ile iliniuma, hasa kwa kuwa ilikuwa na ukweli ndani yake.

Jioni nilishuka ufukweni, ambako fundi mmoja alikuwa akimfundisha kijana kutia kalafati kwenye mashua. Hakumhutubia. Alishika patasi pamoja naye, wakaishindilia pamba kwenye mwanya kiasi cha shibiri mbili, kisha akauondoa mkono akabaki kuelekeza kwa kidole. Baadaye akaenda upande wa pili kuranda ubao, akawa anasikiliza mlio wa nyundo. Mlio ulipobadilika alisema bila kugeuka, "Hapo umeacha wazi."

Hapo ndipo nilipomwelewa Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa ametuachia wazo la eneo la ukuaji wa karibu: nafasi iliyopo kati ya anachokiweza mtoto peke yake na anachokiweza akisaidiwa na ajuaye zaidi. Mwaka 1976 watafiti Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na kiunzi cha wajenzi, baada ya kuwachunguza watoto wa miaka 3 hadi 5 wakiunda piramidi kwa vipande 21 vya mbao. Kiunzi huondolewa, na mimi sikuwa nimekijenga wala kukiondoa.

Nilirudi darasani na vipande vya ukili vyenye alama sita sawasawa. Nusu ilichukua sehemu tatu, theluthi ikachukua mbili, jumla 5/6. Nikawauliza: inawezekanaje uongeze kitu juu ya nusu, upate 2/5 ambayo haifiki hata nusu? Mfano wa kwanza tuliufanya pamoja, wa pili niliwaachia hatua ya mwisho, wa tatu niliwaachia wote.

Mwalimu mwenzangu, wingi wa watoto usiwe kisingizio. Wagawe katika vikundi, na msaidizi wa kikundi asiwe yule hodari kuliko wote, bali aliyeelewa jana, kwa sababu bado anakumbuka alipokwama. Usimpe mtoto jibu analoweza kulifikia, wala usimtupe kwenye kina asichokiweza. Mkuu yule hakuniomba radhi, lakini muhula uliofuata aliwatuma walimu wapya waje kuketi nyuma ya darasa langu.

Siku ya tatu ya vipande vile niliinama kumsaidia binti mmoja aliyekuwa akifuta na kuandika upya. Akafunika daftari kwa kiganja. "Mwalimu, usinioneshe." Nikahamia dawati la pili.