Usililaumu Gazeti kwa Kunyamaza, Libane kwa Lilichoandika

Wiki iliyopita gazeti moja la kitaifa lilichapisha masahihisho ya mistari michache ya habari lililoandika kuhusu kijana wa jirani yangu aliyepotea, kurasa za ndani kabisa, chini ya tangazo la mnada. Wengi hawakuyaona. Mimi nimeyakata nikayatia kwenye faili, na tangu hapo simu haipumui. Dada mmoja wa Ukunda, ambaye nduguye hajulikani aliko, ameniuliza: "Kaka, mlifanyaje hata wakakubali?" Najua si yeye peke yake anayetaka kujua.

Kijana huyo wa jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alichukuliwa baada ya swala ya Isha na watu waliovaa kiraia. Mwenye karai la viazi aliona kila kitu, maana ndipo alipokuwa akimrudishia chenji. Walimwita kwa jina, wakamwingiza kwenye gari, basi. Mamake alizunguka vituo vya polisi, kila kituo kikikana kwamba kinamshikilia. Ripota akaja, kijana wa hapa hapa mjini, akanywa chai, akampiga mama picha ameshika kitambulisho cha mwanawe. Hakikutoka kitu.

Kilichotoka baadaye ni habari kwamba polisi wanamsaka "mshukiwa sugu". Ni yeye huyo huyo! Aliyenukuliwa ni polisi tu. Mama anamtafuta mwanawe, gazeti linatuambia polisi nao wanamtafuta.

Sisi wa Pwani tumeishi na neno hilo "mshukiwa" miaka mingi. Wahubiri wawili wa hapa Mombasa waliuawa kwa risasi: Sheikh Aboud Rogo tarehe 27 Agosti 2012, na Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, tarehe 1 Aprili 2014. Hao walikuwa na majina makubwa, wakaandikwa. Vijana wa vichochoroni waliopotea miaka hiyo wengi wao walipata aya moja, na aya yenyewe ni taarifa ya polisi. Mwaka 2015 serikali ilifunga akaunti za benki za MUHURI na Haki Africa, mashirika yaliyokuwa yakipigia kelele kesi hizi, mpaka Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamuru zifunguliwe.

Sasa linganisha na Desemba 2024, vijana walioikejeli serikali mtandaoni walipotekwa. Kurasa za mbele, kila siku. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ikatangaza kuwa waliotekwa tangu Juni mwaka huo wamefika 82. Vizuri sana, na sina kijicho. Lakini kwa nini mwenye kanzu wa Kisauni hakupata hata robo ya kelele hizo?

Wenzangu husema vyombo vimenunuliwa. Mambo si mepesi hivyo. Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa habari inayotoka, si kwa inayokataliwa, na anayeamua yuko Nairobi. Taarifa ya polisi haimgharimu mtu kitu. Isitoshe, Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya redio na televisheni yaende KBC, shirika lake la utangazaji, na mhariri ana mishahara ya kulipa. Naelewa. Ila tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya televisheni zilizokuwa zikionyesha maandamano moja kwa moja, vyombo vilijua mara moja haki ni nini na mahakama iko wapi. Uchungu ukiwa wao, sauti hupatikana.

Basi tulifanyaje? Kumshtaki mtu kwa kunyamaza ni kazi ngumu, atakwambia nafasi ilijaa. Kilichochapishwa ndicho kinachoshikika. Kanuni za maadili ya wanahabari zinamtaka mwandishi amtafute aliyetajwa kwa ubaya, au wa kumsemea, na kosa likijulikana lisahihishwe haraka. Tukaandika barua kwa mhariri: tarehe ya gazeti, ukurasa, sentensi yenyewe, kisha nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, inayoonyesha mama aliripoti kupotea kwa mwanawe kabla ya habari ile kutoka. Tukaomba jambo moja tu, lisahihishwe. Matusi hatukuweka, ingawa nilikuwa nayo ya kutosha.

Kimya. Tukaandika tena, safari hii tukisema tunaelekea Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Hapo simu ikalia. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza mimi ni wakili? Nikamwambia mimi ni jirani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni. Wekeni nambari ya OB, wekeni gazeti zima wala si picha ya kipande, wekeni nakala ya kila barua. Kila siku naona watu wakimwaga hasira mtandaoni, "media mmeuza nchi", kisha wanalala. Mhariri anazoea kelele hizo. Barua yenye tarehe na ukurasa haizoei, maana kesho inaweza kusomwa mbele ya tume. Andikeni hata kama aliyepotea si wenu.

Mama hakufurahi nilipompelekea masahihisho. Aliyasoma mara mbili, akauliza kama sasa wataandika kwamba mwanawe bado hajapatikana. Barua hiyo tumeshaiandika, iko kwa mhariri tangu Jumatatu.